Tupeane uzoefu: nani alikushika mkono ulipokuwa unasomea udaktari?

Wadau, salaam.

Mwaka wa kwanza wa MD (shahada ya udaktari) nilipata sap (mitihani ya marudio) mbili, anatomia na bayokemia. Form six nilitoka na division one ya PCB (fizikia, kemia na biolojia), shuleni nilizoea kuitwa mbele kupokea zawadi. Kufika chuo, darasa zima ni watu wa zawadi. Kilichonishinda ni wingi wa mambo: wiki hii mishipa ya fahamu ya mkono, wiki ijayo ile 12 ya kichwa, na testi Ijumaa. Usiku nalala na harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, kwenye nywele. Nilishapiga simu nyumbani kwamba narudi.

Dada mmoja wa mwaka wa tatu alinikuta koridoni nalia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Unasoma na nani?" Nikamjibu, peke yangu. Kesho yake akaniingiza kwenye diskasheni ya watu watano. Kila mtu anafundisha mada yake kwa Kiswahili kwanza, ndipo tunairudia kwa Kiingereza cha mtihani. Hapo niligundua kwamba muda wote nilikuwa nakariri majina ya vitu nisivyovielewa. Sap zote mbili nilifaulu.

Mwaka wa kwanza wanaripoti wiki hii. Ninyi mlivukaje?

Mdau wa mwaka wa nne

Kwangu ilikuwa hela. Boom (hela ya kujikimu ya mkopo) lilichelewa, na mkopo haukutosha ada yote. Nikawa nakula mara moja kwa siku, mihogo ya jioni pale getini. CR wetu (kiongozi wa darasa) akaona kwamba saa ya chakula natoweka kwenda maktaba. Akachangisha kimya kimya, akanipa akisema ni chenji ya kudurufu madesa (notsi za kusomea). Ukweli niliujua miaka miwili baadaye, na mpaka leo nikimkumbuka koo linanikaba.

Wadogo zangu, ukikwama ada nenda kwa mshauri wa wanafunzi mapema, na maelezo yako kwa maandishi. Mimi nilienda siku mbili kabla ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula), nikahangaika sana.

Intani

Mwaka wa tatu, wodi ya watoto. Mtoto wa malaria kali, nilimchukulia historia mimi mwenyewe usiku, asubuhi akafariki mbele yetu. Raundi ikaendelea kitanda cha pili. Nilikuwa nimeshika faili, sioni hata maandishi.

Sista wa zamu akanivuta chumba cha dawa, akafunga mlango. "Lia hapa. Ukimaliza nawa uso, tukamsitiri mtoto, mama yake anatuangalia." Tukamfunga pamoja kwa khanga ya mama. Katika miaka 5 ya darasani na huu mmoja wa intani (mafunzo ya kazi hospitalini), hakuna aliyenifundisha kazi hii kama yule sista. Wauguzi waheshimuni, jamani. Na nadhani vyuo vingetenga hata nusu saa baada ya kifo cha kwanza, mwanafunzi akae na mtu mzima azungumze.

Aliyeahirisha

Mimi sikuvuka mwaka ule. Nilikuwa silali, chakula hakipiti, vitabu nafungua nafunga. Mwenzangu wa chumba ndiye aliyenipeleka kliniki ya afya ya akili, akakaa benchi mpaka zamu yangu. Nikaandikiwa barua ya daktari, nikaahirisha mwaka, nikatibiwa, nikarudi na waliokuwa nyuma yangu. Kuahirisha si kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli). Nafasi yangu niliikuta.

Mgeni

Shikamooni. Nimeripoti jana, ndugu hapa sina. Keshokutwa tunaanza kadava (maiti ya kujifunzia anatomia). Naombeni diskasheni ya kujiunga.

Mwanzisha mada

Marahaba, mdogo wangu. Njoo PM nikuelekeze, tunakutana saa mbili usiku. Kama una atlasi beba, kama huna njoo hivyo hivyo. Na asubuhi ya kadava kunywa chai kabisa, usiingie na njaa.