Kuweka spidi 9600 peke yake SIYO kusanidi poti ya siriali, acheni kupotosha watu!

Wakuu, imetosha. Mifano ya C kwenye Linux inayosambazwa kila kona inafungua /dev/ttyUSB0 (poti ya siriali ya USB), inaita cfsetispeed na cfsetospeed (za kuweka spidi ya kupokea na ya kutuma), basi, eti poti iko tayari. Data ikifika imeharibika, lawama anapewa nani? Kebo. Kebo haina kosa!

Linux huichukulia poti hiyo kama terminali ya mtu anayechapa, na mipangilio yake ya mwanzo ni ya kazi hiyo. ICANON ikiwa imewashwa, read() inangoja mstari uishe. Kifaa kinachotuma baiti 8 bila alama ya mstari mpya utakingoja mpaka kesho. ECHO inakirudishia kifaa kilekile ulichopokea. ICRNL inageuza 0x0D kuwa 0x0A. Na IXON, inayochukulia baiti 0x13 kama amri ya "simama" na 0x11 kama "endelea", ndiyo mbaya kuliko zote. Chukua kipimajoto kinachotuma joto kama baiti tupu, si maandishi, na ICANON umeshaizima: joto likigonga 19, yaani 0x13, baiti hiyo inamezwa, pakiti inapungua, na programu yako inazuiwa kutuma chochote mpaka 0x11 ifike. Joto likiwa 18 kila kitu kinafanya kazi! Ndiyo maana watu wanabadilisha vifaa vizima bure.

Fanyeni hivi. Fungua kwa O_RDWR | O_NOCTTY (kusoma na kuandika, bila poti kuwa terminali inayotawala programu yako). Ita tcgetattr (inasoma mipangilio ya sasa), halafu cfmakeraw, halafu ndipo uweke spidi. cfmakeraw inazima hayo yote manne na kuweka biti 8 bila pariti, lakini haigusi CSTOPB (biti mbili za kusimamia) wala CRTSCTS (udhibiti wa mtiririko kwa nyaya za RTS na CTS): zima mwenyewe CSTOPB kama kifaa chako kinatumia biti moja ya kusimamia, na CRTSCTS kama ni cha nyaya tatu tu. Washa CLOCAL (puuza nyaya za modemu) na CREAD (ruhusu kupokea).

Kisha VMIN (idadi ya chini ya baiti ambazo read() inangoja) = 0, VTIME (muda wa kungoja) = 5. Hiyo 5 ni nusu sekunde, kwa sababu VTIME huhesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde. Kuna wanaofundisha kuandika 500 wakidhani ni milisekunde. Sehemu hiyo ni baiti moja! 500 inakatwa inabaki 244, na programu inaganda sekunde 24.4.

Mwisho tcsetattr, inayopeleka mipangilio yako kwenye poti, na msiamini sifuri inayorudisha: inarudi sifuri hata kama badiliko moja tu ndilo limekubaliwa. Ita tcgetattr tena, linganisha ulichoomba na ulichopewa.

Mwenye mfano wake hadharani usio na hatua hizi aurekebishe leo, au aufute.