Mrejesho: B450 ya mtumba na Ryzen 5 5600

Wadau, ni mimi niliyeuliza kama prosesa ya Ryzen 5 5600 niitafutie madabodi (bodi kuu ya kompyuta) mpya ya A520 au B450 ya mtumba. Wengi mlisema B450, kwa ajili ya nafasi nne za RAM, na kwamba kadi yangu ya picha, RX 580, inatumia njia ya PCIe 3.0 ambayo B450 inayo, kwa hivyo bodi ya B550 yenye PCIe 4.0 isingeniongezea kitu. Nikafuata.

Ila kuna aliyenionya nihakikishe BIOS (programu ya bodi inayowasha kompyuta) imesasishwa kabla ya kulipa. Huyo nilimpuuza. Nimeifunga usiku hapa Kondele, Kisumu, feni zinazunguka, skrini nyeusi tii. Kumbe BIOS ni ya 2019, prosesa ya 2022, bodi haiitambui! Bodi yenyewe haina kitufe cha kusasisha bila prosesa. Fundi mmoja mjini akaniazima prosesa ya zamani, Ryzen 5 2600, ambayo bodi inaitambua, tukaweka BIOS mpya kwa flashi huku nikiomba stima isipotee.

Imewaka. Lakini nafasi moja ya RAM imekufa, na muuzaji hapokei simu. Nimehamishia vijiti viwili vya 8GB kwenye jozi ya pili na chaneli mbili (vijiti kufanya kazi sambamba) bado zinasoma. Gemu ya mpira nacheza bila kukwama. Asanteni sana, hasa wewe wa BIOS.