Likizo ya Oktoba, trauti wa milimani: Mufindi, Kiwira au Nyeri?

Mwana wa Kunduchi

Wakuu, salamu kwenu. Nina siku tisa za likizo kuanzia katikati ya Oktoba na safari hii nataka zote ziishie mtoni. Mwaka wa pili sasa navua kwa nzi bandia, yaani ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na kidudu, hapa hapa Dar. Alfajiri ya Jumapili, maji yakianza kujaa, nasimama kwenye mkondo wa mikoko Kunduchi na fimbo yangu namba 8. Nimepata vikolekole vya kiganjani, mzia mmoja wa kunikata nailoni, na mkono umezoea kurusha hata kusi ikivuma. Ila moyo wangu uko kwa trauti, samaki wa mito ya baridi, tangu nilipomwona mara ya kwanza akipanda juu kuchukua kidudu na kuacha duara dogo majini. Nataka kumpata mmoja kwenye maji ya baridi, kwa nzi niliyemfunga mwenyewe.

Nimechagua Oktoba kwa sababu wavuvi wa Ulaya na Marekani wanausifu sana mwezi huo: majani yanapukutika, maji yanapoa baada ya joto la kiangazi, trauti anakula kwa pupa kabla baridi haijamfungia mlango.

Nimebaki na sehemu tatu. Mufindi, kwa basi hadi Mafinga. Mto Kiwira sehemu za juu, upande wa Rungwe. Au nivuke mpaka hadi Nyeri, kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya. Nitakwenda peke yangu, kwa usafiri wa umma. Aliyewahi kusimama kwenye mito hiyo anisaidie.

Kona ya Kitonga

Mkuu, Oktoba ya Ulaya iache Ulaya. Kule maji yanapoa mwezi huo. Kwetu Nyanda za Juu Kusini baridi kali ni Juni na Julai, na ikifika Oktoba jua linapanda huku mvua bado. Mvua zetu ni za msimu mmoja: zinaanza Novemba au Desemba, zinakoma Aprili kuingia Mei. Kwa hiyo utaukuta mto umepungua kuliko wakati wowote wa mwaka, na maji meupe kiasi kwamba unahesabu kokoto za chini.

Hilo lina uzuri na ugumu wake. Uzuri ni kwamba samaki hawajatawanyika, wamekusanyika kwenye vidimbwi vyenye kina na chini ya kingo zenye kivuli. Ugumu ni kwamba anakuona kabla hujamwona. Mimi ni mzaliwa wa Mafinga, naishi Kimara, na kila mwaka nikienda kuwasalimia wazee napitia mtoni. Oktoba moja nilikaa juu ya mwamba karibu nusu saa nikimwangalia trauti wa upinde (rainbow trout) akila. Alikuwa amekaa nyuma ya jiwe moja tu, pua yake inaelekea maji yanakotoka. Kila baada ya muda anasogea pembeni shubiri moja, mdomo unafunguka, weupe wa ndani unaonekana, anarudi palepale. Niliposimama ili nirushe, kivuli changu kikagusa maji. Sikumwona tena siku ile.

Tangu hapo natembea nimeinama, nguo za rangi ya majani makavu, narusha nikiwa nimepiga goti na nikiwa nyuma yake, upande maji yanakoelekea. Na hiyo fimbo namba 8 yako ni nzito, ya baharini. Mtoni utakuwa kama unampiga mtu kwa mwichi. Tafuta namba 4 au 5, na ile nailoni ya mwisho iwe ndefu na nyembamba.

Kwa Oktoba, kura yangu ni Mufindi.

Nyeri kwa Baridi

Habari zenu majirani. Mimi ni wa Nyeri lakini nilifanya kazi Mikocheni miaka minne, kwa hiyo pande zote mbili ni nyumbani.

Kama ni historia, huku ndiko kwenye mzizi. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, wakapandikizwa katika mto Gura kwenye Aberdare. Trauti wa upinde wakafuata baadaye. Leo una Gura, Chania na Magura upande wa Aberdare, na upande wa Mlima Kenya una Thego, Sagana, Burguret, Thiba na mingineyo. Mvuvi wa nzi anaweza kubadilisha mto kila siku. Tena trauti wa kahawia, mwenye madoa mekundu yaliyozungushiwa duara jeupe, ukitaka kumwona katika hizi sehemu tatu ulizotaja, mtafute huku.

Lakini nitakuambia ukweli ingawa navutia kwetu. Sisi tuna mvua mara mbili: Machi hadi Mei, halafu Oktoba hadi Desemba. Ukija katikati ya Oktoba unacheza kamari. Mvua ikinyesha mlimani usiku, asubuhi unaikuta Chania imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na nzi wako hakuna anayemwona. Njoo Januari na Februari, au Agosti kuingia Septemba.

Na usije peke yako ukajipeleka mtoni. Sehemu nyingi nzuri ziko ndani ya hifadhi au msitu, kuna nyati na ndovu, unahitaji leseni ya uvuvi na kibali cha kuingia, na askari wa wanyamapori wa kukusindikiza. Yote hayo yanakula siku.

Mwana wa Kunduchi

Asanteni sana. Kumbe nimepanga likizo kwa kalenda ya watu wengine. Tarehe siwezi kuzibadilisha, ofisini zimeshasainiwa. Je, Kiwira?

Mbasa wa Kyela

Kiwira ni mto wangu, nimekulia chini kabisa, unakoingia Ziwa Nyasa. Watu wanaujua kwa Daraja la Mungu na Kijungu, lakini ule mto una maisha mawili. Juu, kwenye baridi ya milima ya Poroto na Rungwe, ndiko aliko trauti wa upinde aliyeletwa. Huku chini kuna mbasa, samaki wetu mwenyewe wa Nyasa, mwembamba, wa rangi ya fedha, mwenye mbio. Mvua zikianza anapanda mto kwenda kutaga. Mgeni akimwona mbasa akipambana na mkondo anaweza kudhani ndiye trauti.

Naomba jambo moja kwa moyo wote: mbasa anayepanda kutaga asiguswe. Wamepungua mno, kwa sababu nyavu zinawasubiri midomoni mwa mito. Tulipokuwa watoto, mbasa wa kuchoma alikuwa chakula cha kila wiki nyumbani. Sasa mama akimpata mmoja sokoni anapiga simu Dar kutuambia.

Juu huko, Oktoba inavulika, ila Rungwe ina mvua zake zisizosubiri wengine. Na kingo za Kiwira si za mtu wa peke yake. Ni makorongo, mawe yana utelezi. Ukipanda ndege hadi Songwe unaokoa siku mbili za barabara, lakini lazima umpate kijana wa kijijini akuongoze. Mimi ningekuambia Mufindi kwanza, Kiwira mwakani ukiwa na mwenzako.

Mama Perege

Mwanangu, swali langu ni la jikoni: huyo trauti unakwenda kumla au kumwangalia? Nasikia wengine wanamshika na kumwachia. Nauli yote hiyo, kisha urudi bila kitoweo?

Halafu la pili. Mufindi sehemu kubwa ni mashamba ya chai na misitu ya kupandwa, na mabwawa mengi yana wenyewe. Mimi na baba watoto tulikwenda bwawa moja tukiwa na vifaa vyote na chakula cha siku nzima, mlinzi akaturudisha getini kwa sababu hatukuwa na barua. Tulikuwa tumeshaulizia kwa simu tukaambiwa njooni tu. Tukala chapati zetu kando ya barabara. Barua iwe mkononi.

Kona ya Kitonga

Mama, shikamoo. Barua ni neno kubwa, umesema vyema. Mwana wa Kunduchi, fika kwanza ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulize leseni, kisha ongea na wenye shamba au serikali ya kijiji kabla hujafungua begi.

Kuhusu kumla: mimi nawala wawili kwa safari, basi. Trauti wa mto mdogo hakui haraka. Ukitoa wanane kwenye dimbwi moja umelimaliza kwa misimu. Ninaowaachia nawashika kwa mikono iliyolowa, maana mkono mkavu unaondoa ule ute unaowalinda, na kijino cha ndoano nakibana kwa koleo mapema ili itoke kirahisi. Wale wawili ni chumvi, limau na moto mdogo tu, Mama. Nyama yake haitaki viungo vingi.

Kitu ambacho wengi wanakisahau Oktoba ni joto la maji. Trauti anajisikia vizuri kati ya nyuzi 10 na 16. Maji yakipita 20 anahangaika, kwa sababu maji ya moto yanabeba hewa kidogo. Nunua kipimajoto cha kawaida, ukifunge kwa uzi, ukizamishe dakika mbili kivulini. Ikisoma 18 na inapanda, acha kuvua. Samaki aliyepigana kwenye maji hayo anaweza kuondoka mkononi mwako akiogelea na akafa baadaye. Vua alfajiri hadi saa nne, pumzika, rudi saa kumi jioni. Na ukiweza kupanda juu zaidi, kwenye kijito chenye msitu pande zote mbili, panda. Kivuli cha miti ndicho kinachomweka hai mwezi huo.

Fundi Ndoano

Mimi natengeneza nzi nyumbani Temeke, kwa hiyo nitasemea hapo tu. Oktoba majani ya kingoni ni makavu na panzi wamejaa, upepo wa mchana unawaangusha majini. Beba panzi bandia. Kandambili iliyokwisha, ya njano au kijani, kata kipande chembamba kama punje mbili za mchele zilizoungana, kifunge juu ya ndoano namba 10 au 12 kwa uzi wa cherehani. Kinaelea siku nzima. Miguu ni nyuzi za mpira. Kichwa pakaze rangi ya kucha isiyo na rangi, fundo halifunguki.

Kwa nzi wa kuzama, nenda Kisutu kwa wauza kuku, omba manyoya ya shingo ya jogoo wa kienyeji. Watakupa bure wakishangaa. Ukipata manyoya ya kanga ni bora zaidi: yale madoadoa yakilowa yanaonekana kama miguu ya kidudu hai. Nzi hawa wawe wadogo, ndoano namba 14 na 16 (namba ikipanda ndoano inapungua), kahawia na weusi.

Na mvua ya kwanza ikikukuta huko, kumbikumbi wakatoka, weka kila kitu kando ufunge kumbikumbi. Mbawa mbili ndefu, tumbo la hudhurungi. Samaki wanasahau hofu zote.

Nyeri kwa Baridi

Hiyo ya kandambili naiiba leo.

Niongeze moja. Kama umewahi kuvua mto mwingine, anika viatu na wavu vikauke kabisa kabla ya kuingia mto mpya, usije ukahamisha vijidudu. Na yeyote asikushawishi kubeba trauti hai kwenye ndoo kwenda kuwatia kijito kisicho nao. Huyu ni mgeni kwetu. Wa upinde asili yake ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki. Anakula vidudu na samaki wadogo wa asili ambao hawakuzaliwa wakimjua. Tuwavue pale walipo tayari, tuwaachie vijito vingine wenyewe wake.

Mbasa wa Kyela

Naunga mkono kwa mikono miwili.

Mwana wa Kunduchi

Wakuu, nimesoma yote mara mbili na nimeamua. Mufindi. Nyeri nimeiweka Februari, nitaomba siku mapema. Kiwira nitamtafuta Mbasa wa Kyela tukiwa wawili.

Leo asubuhi nimefanya mambo mawili. Nimeandika barua ya kuomba ruhusa, nakala tatu. Halafu nimekwenda ufukweni Kunduchi na fimbo namba 5 ya kuazima, nikapanga vifuu vinane mchangani hatua kumi na mbili kutoka nilipopiga goti, nikawa narusha kipande cha uzi mwekundu ndani yake. Demani imetulia, upepo ulikuwa mdogo. Katika kurusha arobaini nimeingiza kumi na moja. Bado wiki tano, nataka kufika ishirini na tano.

Kona ya Kitonga, basi la alfajiri kutoka Mbezi linafika Mafinga saa ngapi siku hizi? Nataka nijue kama nitawahi jioni ya kwanza au nilale mjini.

Kona ya Kitonga

Lala mjini. Mlima wa Kitonga, huko njiani, ukiwa na foleni ya malori huwezi kupanga saa. Asubuhi yake uamke saa kumi na moja, uvae sweta hata kama ni Oktoba, na ukifika mtoni usitoe fimbo kwanza. Kaa juu ya mwamba dakika ishirini uangalie ni jiwe lipi lina mwenyewe.