Naomba ushauri: kilele cha histamini kinashuka kila nikirudia

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Niko Tanga, napima histamini (sumu inayojijenga samaki wakianza kuharibika) kwenye vibua na jodari wanaoshushwa kwenye soko la samaki la Deep Sea, kwa kromatografia ya kimiminika (mashine inayotenganisha kemikali za sampuli). Kwa urujuanimno peke yake haionekani vizuri, hivyo naiunganisha na OPA (kemikali inayoifanya ing'ae) kisha nasoma fluoresensi, yaani mng'ao wake: naimulika kwa 350 nm na kusoma 450 nm. Kilele, yaani alama ya histamini kwenye grafu, kinatoka kizuri, ila sampuli ileile nikiirudia baada ya nusu saa kimeshuka karibu nusu! Nimebadilisha safu (bomba la kutenganishia), nimechuja upya vimumunyisho, bado. Samaki hawa wanaliwa na watoto, na kupika hakuondoi histamini, kwa hiyo siwezi kukisia.

Je, nichanganye OPA palepale kabla ya kuingiza, au nihamie dansili kloridi, kemikali nyingine ya kuunganisha na histamini? Na kwa dansili, kusoma urujuanimno wa 254 nm kutaona histamini ya miligramu 50 kwa kilo ya samaki?