Mrejesho: Babu yetu aliyeitwa mchawi kwa sababu ya shamba

Mwezi uliopita niliwaeleza kwamba binamu zangu hapa Kilifi, baada ya kufiwa na mtoto, walianza kumwita babu mchawi na kumtaka aondoke shambani, nami nikaomba ushauri. Namshukuru hasa aliyenieleza kwamba Sheria ya Uchawi ya Kenya, ingawa ni ya mwaka 1925, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayemtuhumu mwenzake uchawi kiholela badala ya kupeleka malalamiko kwa polisi au kwa mtawala. Tulimwendea chifu tukiwa na hoja hiyo pamoja na Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010, kinachowapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Binamu zangu wakaitwa na kuonywa mbele ya wazee wa kijiji. Hapo ndipo lilipojitokeza nililolishuku: walikuwa wamekwisha kupatana bei na mnunuzi wa shamba.

Tumeweka zuio katika ofisi ya ardhi. Babu kwa sasa analala kwa shangazi, maana huku kwetu mvi pekee zimewaponza wazee wengi na sithubutu kumwacha peke yake usiku, ijapokuwa kila asubuhi huomba apelekwe akaitazame minazi yake.