Sangala mdogo anaelea, hazami. Nimrudishe vipi?

Mtoto wa Kadutu
Jambo ndugu zangu. Mimi ni wa Bukavu, lakini nikishuka Uvira kwa wakwe lazima niingie Tanganyika na shemeji, mshipi mkononi. Jumapili, kwenye mita 30 hivi, nilivuta sangala mdogo, hata sahani hajazi. Nikasema huyu arudi akakue. Kumtupa tu, akageuka tumbo juu, akabaki anaelea kama kizibo. Tumbo limefura, macho yamemtoka, mdomoni kumetokeza kitu chekundu kama puto. Shemeji akaniambia nikitoboe kwa ndoana. Sikuthubutu. Tukiwa bado tunabishana, mwewe akashuka akambeba. Kuna njia ya kumrudisha mzima, ao nilikuwa ninajisumbua?

Mama Furaha
Weye! Sangala unamtupa? Kaanga!

Mzee wa Mwaro
Mwanangu, vizuri hukutoboa. Kile chekundu si kibofu cha hewa, ni tumbo lake lenyewe limesukumwa nje. Ukilitoboa umemuua.

Sangala ana kibofu kisicho na mlango. Mita 30 maji yanambana mara nne kuliko huku juu, kwa hiyo ukimvuta, hewa iliyo ndani inataka kuwa mara nne. Dawa ni kumrudisha chini upesi, hewa ibanwe tena. Mimi ninatumia kazie ya bia, lile kreti la chupa. Kata vile vyumba vya chupa vyote, igeuze mdomo chini, funga mawe kwenye kingo nne yalingane, kamba katikati ya mgongo. Samaki anawekwa chini yake. Kwa kuwa anataka kuelea, kazie inamzuia kama kofia. Shusha. Ukifika nusu ya kina ulichomtoa, mara nyingi anajisikia, anapiga mkia na kutoka mwenyewe kwa chini. Mimi napenda kufika karibu na sakafu. Usimkawize juani, na mikono ilowe kwanza.

Marekani, Ghuba ya Mexico, sheria iliyoanza 2022 ilimtaka mvuvi wa samaki wa miambani awe na kifaa cha namna hiyo tayari chomboni, ao sindano ya kutolea hewa. Sindano inataka mtu aliyefundishwa. Shemeji wako na ndoana yake, hapana.

Mtoto wa Kadutu
Aksanti mzee. Na nikimvuta polepole?

Mzee wa Mwaro
Polepole yako ni dakika ngapi? Hewa ya kibofu kile inanywewa na damu kwa saa nyingi. Wanaokamata samaki wa rangi wa kuuza wanawapandisha kwa vituo, hata siku kadhaa. Ukiona wadogo ndio wanauma, hama, nenda maji mafupi.

Kijana wa Nguba
Huku Kivu shida hiyo ni ndogo. Ziwa lina zaidi ya mita 470, lakini chini ya 60 ao 70 hakuna oksijeni, samaki hawaishi. Na sambaza, aliyeletwa kutoka hukohuko Tanganyika 1959, ana mfereji wa kutolea hewa.

Mtoto wa Kadutu
Kazie nimeipata, msumeno wa jirani. Shemeji anauliza nani atamweleza mama wa depo kwa nini inarudi bila vyumba.