Uwanja wa ndege Mtwara: lami mita 2,800, ndege ya kubahatisha

Wakuu, nina hasira, atakayeona lugha kali anivumilie. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile za korosho.

Nilikata tiketi za Mtwara–Dar, yangu na ya mama mkubwa mwenye miadi ya kliniki. Usiku wa kuamkia safari ukaingia ujumbe kwenye simu: safari imeahirishwa kwa sababu za kiuendeshaji. Basi, imeishia hapo. Saa mpya hakuna, na namba waliyoweka inaita mpaka inakata. Asubuhi nikaenda ofisini kwao, kijana wa kaunta ananiambia, "Kaka, subiri taarifa." Nisubiri nini na miadi ni leo? Nikadai hela yangu. Jaza fomu, itashughulikiwa Dar, siku za kazi. Kulipia ilikuwa dakika moja kwa simu, kurudishiwa ndiyo kunataka siku za kazi! Shirika silitaji, mnaopanda mnalijua.

Najua watakuja wale wa "serikali imeboresha uwanja". Sibishi. Barabara ya kurukia imejengwa upya na kurefushwa kutoka mita 2,258 hadi 2,800, Rais Samia akaja kuzindua Septemba 2023. Lami ya zamani ilikuwa imechoka kweli, ilistahili. Lakini tuambiane ukweli: ndege za pangaboi kama ATR na Q400 zinaruka kwenye mita 1,400 hivi. Kwa ndege za namna hiyo, urefu wa lami haukuwa kikwazo. Kikwazo ni kwamba ndege hiyo hiyo inazungushwa miji kadhaa kwa siku, halafu sisi tunawekwa mkiani mwa ratiba. Ikipata hitilafu asubuhi huko, jioni wa kufutwa ni nani? Ni Kusini, kwenye abiria wachache na wapole.

Na abiria watakuwaje wengi? Nani atapanga biashara au matibabu kwa kutegemea ndege ambayo hajui kama itakuja? Wao wanasema hakuna abiria ndiyo maana safari ni chache, sisi tunasema safari hazieleweki ndiyo maana tunapanda basi. Msimu wa korosho ukifika, wanunuzi wanajaa, nauli inapaa na hakuna wa kuuliza. Mabasi LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inawawekea ukomo wa nauli, huku angani kila mtu na lwake.

"Si mpande basi?" Tunapanda, bwana. Zaidi ya kilomita 550 mpaka Dar. Ila mmesahau Mei 2024, kimbunga Hidaya? Maji yalikata barabara kule Kilwa, Somanga na jirani zake, mabasi na malori yakakwama. Ukikosa barabara hiyo ya pwani, uzunguke Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, ndiyo uitafute Dar. Mgonjwa utamzungusha huko? Siku kama hizo ndipo unaona uwanja wa ndege si anasa ya vigogo wanaokuja semina.

Lindi sitaki hata kuanza. Uwanja wa Kikwetu upo, lakini mtu wa Lindi akitaka ndege ya ratiba anakuja kwanza Mtwara, karibu kilomita mia, kisha ndege ikifutwa ageuze na begi lake. Wa Nachingwea na Liwale ndiyo usiseme.

Ninachotaka si ndege kila saa. Waweke siku chache wanazoziweza, lakini siku hizo ndege ije. Wakifuta kwa uzembe wao, walipe malazi na hela irudi kwa njia ile ile iliyoingilia, siku hiyo hiyo. Na wabunge wetu, wanaopanda ndege hizi hizi na kufutiwa kama sisi, waulize bungeni kwa nini safari zetu ndizo za kwanza kukatwa.

Mnaotoka Songea na Mpanda, kwenu hali ikoje? Na kama kuna aliyewahi kufikisha malalamiko TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, akarudishiwa hela, aweke hapa utaratibu: barua au mtandaoni, na aliambatanisha nini. Mimi ujumbe wao na risiti ninavyo, sijafuta kitu.